Usikande, Nenda Hospitali: Kano ya Kisigino na Safari ya Kupona

Haya ni maandishi ya hotuba iliyotolewa na afisa wa habari wa kaunti mbele ya wachezaji, wahudumu wa boda boda na wakazi mjini Kitengela. Tunaichapisha kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.

 

Wengi wenu mnanijua kama yule jamaa wa kamera anayekimbia mbele ya misafara ya kaunti. Nilisomea uandishi wa habari, sikusomea udaktari. Wenzangu wa idara ya afya ndio wangefaa kusimama hapa, na nimewaomba wayapitie maneno yangu kabla sijayaleta kwenu. Lakini wao waliniambia: wewe ndiwe uliyekaa wiki tano na kano iliyokatika ukidhani umeteguka. Nenda ukawaambie watu, wasije wakarudia kosa lako.

Basi nianze na aibu yangu.

Jumamosi ile uwanjani

Ilikuwa saa kumi jioni, miaka miwili iliyopita, hapa hapa Kitengela. Mimi hushinda wiki nzima nimeketi: kwenye gari, mikutanoni, mbele ya kompyuta. Jumamosi natoa viatu vya mpira na kujifanya nina miaka kumi na minane. Siku hiyo nilichelewa, nikaingia uwanjani moja kwa moja bila hata kupasha mwili joto. Na udongo wetu mweusi mnaujua. Kiangazi kikizidi, unakuwa mgumu kama saruji.

Dakika ya kumi hivi nikataka kuuwahi mpira. Nikasukuma ardhi kwa mguu wa kushoto, nikasikia "pa!" nyuma ya kisigino. Nikaanguka. Nikageuka kumkemea beki aliyenipiga teke. Beki alikuwa mita tano kutoka kwangu, mikono kiunoni, akinishangaa.

Likumbukeni hilo, kwa sababu ni ushahidi wa kwanza. Karibu kila mtu aliyewahi kukatika kano hii husimulia vivyo hivyo: nilidhani nimepigwa teke, nilidhani nimerushiwa jiwe, nikageuka na nyuma yangu hapakuwa na mtu.

Maumivu yalikuwa makali kwa dakika chache, kisha yakapoa. Niliinuka. Nilitembea, ingawa kwa kuchechemea. Kila mtu akasema: umeteguka. Usiku nikakandwa kwa maji moto na dawa ya kuchua. Jumatatu nikaenda kituo kimoja ambacho sitakitaja. Nikapigwa eksirei, nikaambiwa mfupa uko salama, nikapewa bandeji na dawa ya maumivu. Nikafurahi. Kwa wiki tano nikaizunguka kaunti hii, kutoka Isinya hadi Namanga, nikiburuta mguu kama mkokoteni wenye gurudumu bovu.

Kilichoniokoa ni ngazi. Mtaalamu wa tiba ya viungo niliyekuwa nimeenda kumpiga picha aliniona nikipanda ngazi, akaniuliza, "Unaweza kusimama kwa vidole vya mguu huo peke yake?" Nikajaribu. Kisigino kikagoma kuinuka. Akanilaza kifudifudi, nyayo zikining'inia nje ya kitanda, akabinya shavu la mguu. Mguu wa kulia, wayo ulisogea wenyewe. Mguu wa kushoto, wayo ulitulia kama wa mtu mwingine. Akaniambia, "Ndugu yangu, hapa hakuna kuteguka. Kano imekatika."

Kano hii ni ipi?

Pitisha vidole nyuma ya mguu, juu kidogo ya kisigino. Utagusa kitu kigumu kama kamba. Wengi wetu tunakiita mshipa wa kisigino. Hiyo ni kano, inayounganisha misuli ya shavu la mguu na mfupa wa kisigino. Ina urefu wa takriban sentimita 15, na ndiyo kano nene na yenye nguvu kuliko zote mwilini. Unapokimbia, inabeba mzigo wa mara sita hadi nane ya uzito wako.

Madaktari huiita kano ya Achilles, kwa jina la shujaa wa hadithi za Wagiriki wa kale. Mama yake alimchovya mtoni ili asidhurike na silaha yoyote, lakini alikuwa amemshika kisigino, na maji hayakufika hapo. Mshale uliomuua ulipiga hapo hapo.

Sisi wa Kajiado hatuhitaji kwenda Ugiriki kuielewa. Watazameni morani wakiruka adumu: mwili umenyooka, kisigino hakitui chini, na kila mruko unazaa mwingine. Tangu mwaka 2012, morani wa upande wa Amboseli wamekuwa wakikutana Kimana kwa Maasai Olympics, wakishindana kukimbia, kurusha rungu na kuruka juu badala ya kuwinda simba. Inayowarusha ni kano hii. Inavutika, inahifadhi nguvu, kisha inairudisha.

Lakini ina sehemu dhaifu. Kati ya sentimita 2 na 6 juu ya kisigino, damu hufika kwa uchache, na mara nyingi ndipo inapokatika. Wanaoumia zaidi ni wanaume wa kati ya miaka 30 na 50, hasa sisi wachezaji wa wikendi. Hata hivyo si lazima uwe uwanjani. Mtu huumia akisukuma gari lililokwama matopeni, akikosea ngazi, au mguu ukiingia shimoni ghafla.

Utaijuaje?

Dalili za kano iliyokatika ni hizi:

- Mlio au mshtuko wa ghafla nyuma ya mguu, kama umepigwa.
- Huwezi kusimama kwa vidole vya mguu ulioumia peke yake.
- Ukipapasa kamba ile, unakuta bonde dogo mahali ilipopaswa kuwa ngumu.
- Uvimbe na weusi wa damu kuzunguka kisigino na kifundo.
- Mguu hauna nguvu ya kusukuma ardhi, hasa unapopanda ngazi au mlima.
- Ukilala kifudifudi na mtu akabinya shavu la mguu, wayo hausogei.

Sasa nisikilizeni vizuri. Kuweza kutembea si ushahidi kwamba kano ni nzima. Kuweza kuchezesha vidole pia si ushahidi, kwa maana misuli mingine husaidia. Tarehe 12 Aprili 2013, Kobe Bryant, nyota wa mpira wa kikapu wa Marekani, alikatika kano hii katikati ya mchezo. Alitembea kwa miguu yake mwenyewe hadi mstari wa adhabu, akatupa mipira miwili, yote ikaingia. Kisha akatoka uwanjani, na hakurudi kucheza hadi Desemba. Kama Bryant aliweza kusimama na kufunga kano ikiwa imekatika, wewe kutembea hadi stejini kusikudanganye.

Na eksirei je? Eksirei huonyesha mifupa. Kano haionekani vizuri humo. Ukiambiwa mfupa uko salama, shukuru, kisha uliza swali la pili: "Daktari, na kano? Naomba unibinye shavu la mguu." Kipimo hicho hakihitaji mashine wala pesa, ni mkono tu. Penye shaka, picha ya altrasaundi inaweza kuonyesha pengo. Wataalamu wanakubali kwamba hata jeraha moja kati ya matano ya namna hii hupita bila kutambuliwa mara ya kwanza. Kwa hiyo kuuliza si utovu wa adabu.

Siku ya kwanza: fanya hivi, usifanye vile

Acha kucheza papo hapo. Usiukanyage mguu. Weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa, dakika 15 hadi 20, kisha pumzisha. Inua mguu juu ya mto. Acha vidole vya mguu vielekee chini, kwa sababu hali hiyo husogeza ncha mbili za kano karibu. Kisha uende hospitali siku hiyo hiyo, au kesho yake asubuhi.

Usikandwe. Najua nasema haya mbele ya mama zetu wenye mikono ya baraka, na nawaheshimu. Lakini kano iliyokatika ni kamba yenye ncha mbili zinazotafutana. Ukiikanda na kuivuta, unazitenganisha zaidi na kuongeza damu inayovuja ndani. Maji moto siku ya kwanza nayo huongeza uvimbe.

Neno la pekee kuhusu vidonda. Kitengela inajengwa kila siku, na mabati, vioo na panga haviishi. Kidonda nyuma ya kisigino, hata kikionekana kidogo, huenda kimekata kano chini yake. Kisishonwe juu juu kabla hakijachunguzwa. Na ndugu zangu wa boda boda, mtoto mdogo anapobebwa nyuma, kisigino chake hunaswa kwa urahisi na spoku za gurudumu. Angalia miguu ya mtoto kabla hujapiga gia.

Hospitalini: kushonwa au kutoshonwa?

Watu wengi hukimbia hospitali kwa hofu ya kisu. Ondoeni hofu hiyo. Kuna njia mbili: upasuaji wa kuishona kano, au kufungwa plasta au kiatu maalumu huku vidole vikielekea chini, hadi ncha ziungane zenyewe.

Mwaka 2022 watafiti wa Norway walichapisha matokeo ya wagonjwa 526. Baada ya miezi 12, waliopasuliwa na wasiopasuliwa walikuwa karibu sawa katika kutembea na kufanya shughuli zao. Tofauti ilikuwa hii: kati ya wasiopasuliwa, takriban 6 kwa kila 100 walikatika tena. Kati ya waliopasuliwa, hawakufika hata 1 kwa kila 100. Kwa upande mwingine, upasuaji ulileta zaidi madhara ya neva. Kwa hiyo mgonjwa na daktari wake huketi na kuamua wakiangalia umri, kazi, kisukari kama kipo, na mtu anataka kurudi kufanya nini.

Lakini uamuzi huo ni wa aliyefika mapema. Mimi nilipofika baada ya wiki tano, ncha zilikuwa zimejivuta mbali na pengo limejaa kovu. Hapakuwa na cha kuchagua tena. Nilihitaji upasuaji mkubwa zaidi, na nilikaa miezi kumi na mmoja kabla ya kugusa mpira. Katika muda huo nilikosa kazi nyingi za nje, na mke wangu ndiye aliyebeba maji, mtoto na mimi. Wiki zile tano za ukaidi zilitugharimu miezi.

Kalenda ya kupona

Daktari wako ndiye atakayekupa kalenda yako. Kwa kawaida safari huwa hivi:

*Wiki mbili za kwanza.* Magongo, mguu juu, vidole vikielekea chini. Chezesha vidole na goti ili damu itembee.

*Wiki ya 2 hadi ya 8.* Kiatu maalumu chenye vipande vya kuinua kisigino, vinavyopunguzwa kidogo kidogo. Wengi huruhusiwa kuanza kukanyaga kwa uangalifu.

*Mwezi wa 3.* Viatu vya kawaida, kutembea polepole, mazoezi na mtaalamu wa tiba ya viungo. Huu ni mwezi wa hatari. Maumivu yamekwisha, mtu anajiona amepona, anaruka mtaro kuwahi matatu, na kano inakatika tena.

*Mwezi wa 4 hadi wa 6.* Kuinua visigino, kwanza kwa miguu yote miwili, kisha mmoja. Kukimbia pole pole kwa ruhusa.

*Mwezi wa 6 hadi wa 12.* Kurudi mchezoni, ukiweza kuinuka kwa vidole vya mguu ule mara nyingi karibu sawa na mguu mzima.

Jambo moja la kutishia maisha: mguu uliofungwa unaweza kugandisha damu ndani. Shavu la mguu likivimba, likiwa la moto na kuuma zaidi, rudi hospitali. Ukisikia kifua kinabana au pumzi inakata, hiyo ni dharura, usingoje asubuhi.

Wahudumu wa boda boda mtaniuliza: tutakula nini miezi hiyo yote? Ni swali la haki, kwa kuwa hamna likizo ya ugonjwa. Jibu langu ni kwamba aliyetibiwa mapema hukaa nje muda mfupi kuliko aliyejikaza. Waambieni wenzenu wa chama siku ya kwanza, mpange nani ataiendesha pikipiki na mtagawana vipi. Usiendeshe mguu ukiwa kwenye plasta. Abiria wako hatakusamehe breki ikikukataa pale Namanga Road.

Ile inayouma polepole

Si kila kano hukatika kwa kishindo. Nyingine hulalamika kwanza. Asubuhi ukishuka kitandani hatua za kwanza ni ngumu, kisha unalegea. Ukipapasa unakuta mahali pamevimba na panauma. Baada ya kukimbia, maumivu yanarudi. Hiyo ni kano iliyochoka. Ipunguzie mzigo, lakini usiilaze kabisa.

Daktari wa Sweden, Håkan Alfredson, aliugua hivyo mwenyewe akitaka kupasuliwa, na mkubwa wake akakataa. Kwa hasira akaanza mazoezi ya kushusha kisigino kwa nguvu, akitaka kano iharibike kabisa ili apate upasuaji wake. Badala ya kuharibika, ikapona! Mwaka 1998 alichapisha mazoezi yale na yakaenea duniani. Simama kwenye ukingo wa ngazi kwa sehemu ya mbele ya wayo. Inuka kwa mguu mzima, kisha shusha kisigino cha mguu unaouma polepole chini ya ngazi. Mara 15, raundi tatu, goti likiwa limenyooka, kisha vivyo hivyo goti likiwa limekunjwa kidogo. Asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Mtaalamu akuonyeshe kwanza, na usiyafanye ikiwa unashuku kano imekatika.

Pia kuna dawa. Ciprofloxacin na jamii yake, ambazo watu hununua madukani kwa homa ya tumbo au maumivu ya mkojo bila kuandikiwa, zinaweza kudhoofisha kano hii. Hatari huongezeka kwa waliopita miaka 60 na wanaotumia steroidi. Usinunue kiholela. Kama umeandikiwa na kisigino kikaanza kuuma, mrudie daktari upesi.

Kinga yenyewe ni rahisi. Pasha mwili joto dakika kumi kabla ya mechi. Usiruke kutoka kukaa wiki nzima hadi dakika 90. Ongeza mazoezi kidogo kidogo. Tupa viatu vilivyokwisha soli.

Neno la mwisho kutoka Ngong

Paul Tergat alifanya mazoezi yake Ngong, ndani ya kaunti yetu. Mwaka 2000 kule Sydney, alishindwa na Haile Gebrselassie wa Ethiopia katika mita 10,000 kwa tofauti ya sekunde 0.09. Wengi hawajui kwamba Haile alikimbia mbio zile akiwa na kano ya kisigino inayomsumbua. Baadaye akapasuliwa. Hakuharakisha. Agosti 2001 alirudi Edmonton, Kanada, akapata shaba. Mwaka 2003 Tergat wetu akaweka rekodi ya dunia ya marathoni mjini Berlin, saa 2:04:55. Aliyeivunja mwaka 2007, kwa kukimbia saa 2:04:26, alikuwa Haile, kwa kisigino kile kile kilichopasuliwa.

Kano hupona, wapendwa, ikitambuliwa mapema na ikipewa muda wake.

Hospitali ziko karibu nanyi: ya kaunti ndogo hapa Kitengela, nyingine Ngong na Loitokitok, na hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Kajiado. Jisajilini na SHA kupitia *147#, au mwombeni mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chenu awasaidie, kabla ya siku ya kuumia.

Na Jumamosi hii, mwenzako akianguka uwanjani na kugeuka kumtafuta aliyempiga teke, na nyuma yake hakuna mtu, msimwambie ajikaze. Mbebeni.